Kitambaa cha Zack Allan

Zack Allan si shujaa wa tamthilia ya Babylon 5. Ni askari wa kawaida katika idara ya usalama ya kituo cha angani chenye wakazi robo milioni, binadamu na viumbe wa sayari nyingine, na kazi yake ni kuzunguka sokoni, kuamua ugomvi na kukagua mizigo ya meli. Wanaoijadili tamthilia hii, iliyobuniwa na J. Michael Straczynski na kurushwa Marekani kuanzia 1994 hadi 1998, hukimbilia kwa Kapteni John Sheridan, kamanda anayekitenga kituo na serikali ya Dunia na kuingia vitani dhidi ya jeshi lililomlea. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa hivyo hivyo. Kisa cha Zack kilinikaa kichwani mwaka huu tu, nilipoirudia tamthilia nzima hapa Isevya, mjini Tabora, nikiwa na baba yangu mdogo, askari mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, ambaye Kiingereza cha haraka kinampita. Nilikuwa namtafsiria sentensi kwa sentensi, kompyuta juu ya stuli, yeye akitafuna matobolwa na karanga. Kumtafsiria mtu aliyewahi kula kiapo ni kazi nyingine kabisa. Kila neno analipima.

Kwanza kisa chenyewe.

Rais wa Muungano wa Dunia, Luis Santiago, anakufa meli yake inapolipuka. Makamu wake, Morgan Clark, anashika kiti. Mwaka unaofuata Wizara ya Amani inamtuma mtu kituoni kuandikisha watu katika kikundi kipya kiitwacho Nightwatch, yaani Walinzi wa Usiku. Masharti ni mepesi: uvae kitambaa cheusi mkononi, uwe macho, na ukisikia mtu anasema maneno ya kuichafua Dunia utoe taarifa. Malipo ni kredi 50 za ziada kwa wiki. Zack anajiandikisha. Hana chuki na mtu wala haamini sana maneno ya yule mgeni. Ni posho, na kazi yenyewe anaona tayari anaifanya.

Kisha mambo yanakuja kidogo kidogo. Mfanyabiashara anakamatwa kwa maneno aliyoyasema. Zack anabanwa ataje aliyoyasikia. Mkuu wake, Michael Garibaldi, ambaye ni rafiki yake, anakitazama kile kitambaa kila wanapokutana. Msimu wa tatu unavuja ushahidi kwamba Clark alihusika na kifo cha Santiago, naye anajibu kwa kutangaza sheria ya kijeshi. Amri inafika kituoni: Walinzi wa Usiku wachukue idara yote ya usalama, na asiyevaa kitambaa atoke. Garibaldi anakataa, anaondolewa. Zack anabaki ndani, kitambaa mkononi.

Anachofanya baada ya hapo ndicho kiini cha kisa. Anawapelekea wenzake habari kwamba Sheridan analeta askari wa Kinarn, viumbe wa sayari nyingine, kuja kuchukua nafasi zao, na kwamba wakiwahi gatini wanaweza kuwavamia wakishuka. Wenzake wanamwamini. Wanaenda na silaha. Wakishaingia, milango inafungwa. Sheridan anawatokea kwenye skrini na kuwaeleza kwamba amri waliyoitekeleza haikupita kwenye ngazi ya amri ya jeshi; imetoka ofisi ya kisiasa, kwa raia asiye na mamlaka ya kuwaamuru askari, kwa hiyo ni batili, na wao wamekamatwa. Aliyewaingiza mle ni Zack.

Baba mdogo alininyooshea kidole. "Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Hawa walikula naye," alisema.

Sikuwa nimewahi kuitazama sehemu hii kwa upande wa waliofungiwa gatini. Mtayarishaji anataka tushangilie, na mimi nilikuwa nikishangilia kila mara: wabaya wamenaswa, Zack amerudi nyumbani. Mzee aliona kitu kingine. Aliona watu wa doria moja, wengine labda wameingia kwa zile zile kredi 50, wanaongozwa gizani na mwenzao.

Mtiifu au mwaminifu

Tulipofika kwenye maongezi ya Zack na wakubwa wa kikundi, ambao muda wote wanataka kujua yuko upande gani, nilikuwa natafsiri kwa neno moja, "utii". Baba mdogo akanikatiza. "Sema vizuri, mwanangu. Wanamuuliza kama ni mtiifu au kama ni mwaminifu? Mtiifu ni wa amri. Mwaminifu ni wa mtu."

Nilikosa jibu, maana wanaomuuliza wenyewe wanayachanganya makusudi. Wanataka utii wa amri, wanauita uaminifu kwa Dunia. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, na tukichagua, kisa kinafunguka. Zack alikuwa mtiifu kote kote, na ndilo tatizo lake. Alimtii Garibaldi kazini, akaitii Wizara kwa kitambaa, akavumilia akidhani utii wa namna mbili unaweza kukaa ndani ya shati moja. Uaminifu wake ulikuwa kwa mtu mmoja tu, Garibaldi, aliyemchukua kazini na historia yake mbaya akiijua. Amri mbili zilipogongana hakuitazama katiba wala hotuba ya rais. Alimtazama yule aliyekuwa na haki ya kumfukuza zamani na hakumfukuza.

Kwa maoni yangu hapa ndipo tamthilia inapopatia kuliko hotuba zake zote ndefu. Wengi tunadhani uzalendo uliogawanyika ni mtu kusimama kati ya nchi na waasi. Zack hakuwa kati ya hivyo viwili. Ilipofika siku ya gatini Babylon 5 ilikuwa bado sehemu ya Muungano wa Dunia, bendera ilikuwa moja, sare ilikuwa moja. Kilichogawanyika kilikuwa mkono wake mwenyewe: nembo ya jeshi upande mmoja, kitambaa cha Wizara upande mwingine.

Lazima niseme neno kuhusu jina, kwa sababu msomaji wa Tabora akisikia walinzi wa usiku atafikiria sungusungu. Mimi pia nilitaka kutafsiri hivyo, nikajizuia. Sungusungu walizaliwa huku kwetu Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vilipochoka kuibiwa ng'ombe. Unaweza kuwalaumu kwa mengi, na wapo walioumizwa nao bila kosa, lakini walijulikana wanamlinda nani dhidi ya nani. Mwizi ana nyayo. Walinzi wa Zack walikuwa wanafuata maneno, na neno halina nyayo. Anayelifuata huishia mlangoni kwa jirani yake.

Kadi kwenye sanduku

Siku ya pili ya mjadala, baba mdogo aliingia ndani akatoka na kadi yake ya chama. Aliingia jeshini miaka ya 1970, akaenda vitani Uganda 1979, akastaafu katikati ya miaka ya 1990. Kadi imechakaa pembeni na ina alama ya kutu ya bati la sanduku. Aliniwekea mezani kando ya kompyuta, akasema, "Unasema kitambaa cha siasa juu ya sare ni dhambi. Hiki ni nini?"

Swali lile ni zito na linataka historia ya mji huu.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, Dar es Salaam. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku iliyofuata kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Hapa hapa, mji huu. Kapteni Mirisho Sarakikya, mmoja wa maofisa Waafrika wachache wakati ule, alikuwa Tabora na alifanya kazi kubwa ya kuwatuliza askari. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Uingereza walishuka kwa ombi la Mwalimu Nyerere, maasi yakazimwa, na jambo lile la kuomba jeshi la mkoloni lije kuwanyang'anya silaha askari wa nchi huru Mwalimu alilihesabu kuwa fedheha. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 ikaundwa JWTZ, na Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza.

Jeshi jipya lilijengwa juu ya fikra tofauti. Vijana wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na askari aliruhusiwa kuwa mwanachama. Hoja ilikuwa kwamba jeshi la mkoloni lilifundishwa kukaa mbali na wananchi, ndiyo maana liliweza kuwaelekezea bunduki. Askari anayeijua siasa ya nchi yake hatafanya hivyo. Mwaka 1992 nchi iliporudi kwenye vyama vingi, ikageuka: mwanajeshi marufuku kuwa mwanachama wa chama chochote. Baba mdogo akaiweka kadi kwenye sanduku. Hakuichana wala hakuirudisha.

Kwa hiyo nilipokuwa nasema kirahisi kwamba siasa juu ya sare ndicho kilichomharibu Zack, nilikuwa nasema na mtu aliyeishi hali hiyo kwa karibu miaka ishirini na hakumsaliti yeyote. Nilimuuliza tofauti ilikuwa nini. Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Kadi niliilipia mimi," alisema. "Ada kila mwezi. Yeye kitambaa kinamlipa. Na mimi sikuambiwa hata siku moja niandike aliyoyasema mwenzangu kwenye hema."

Nimeyageuza maneno yale mara nyingi. Yananisahihisha mahali ambapo nilikuwa na uhakika wa bure. Alama yenyewe haitoshi kuwa kosa. La kuuliza ni inakutaka ufanye nini kwa walio kando yako, na nani anamlipa nani. Nyuma ya kitambaa cha Zack kulikuwa na daftari la majina. Angekuwa anakivaa bure, bila kuripoti, kingekuwa kipande cha nguo.

Hata hivyo sikubaliani naye kwa yote, na nilimwambia kwa heshima. Waliobuni utaratibu wa 1964 walikuwa na sababu ya kweli mbele ya macho yao, maasi ya juzi. Ila dawa ile ilidhani chama na nchi ni kitu kimoja. Muungano wa Dunia chini ya Clark ulidhani vivyo hivyo, kwa nia mbaya zaidi. Sheria ya 1992 ilitenganisha viwili hivyo, na mimi naiona ni miongoni mwa hatua bora zilizochukuliwa kwa ajili ya askari mwenyewe, maana inamwondolea mzigo wa kujiuliza, amri ikifika, kama imetoka kwa mkuu wa majeshi au kwa katibu wa tawi.

Ngazi ya amri inapovunjika

Sasa nije kwa Sheridan, maana kisa cha Zack hakikamiliki bila yeye, na hapa baba mdogo na mimi tuligongana kweli kweli.

Sheridan anawafungia Walinzi wa Usiku kwa kutumia kanuni: amri haikupita ngazini. Dokezo lenyewe anapewa na jenerali aliyeko Dunia, ambaye hawezi kusema waziwazi, akaingiza katika mazungumzo sisitizo la kuheshimu ngazi ya amri. Ni ushindi wa kisheria, safi kabisa. Lakini katika sehemu inayofuata, ile ya 1996 iliyopata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, Clark anaishambulia Mars kwa mabomu baada ya koloni hilo kukataa sheria ya kijeshi, raia wanauawa, makoloni ya Proxima 3 na Orion 7 yanajitenga, na Sheridan naye anatangaza Babylon 5 imejitenga. Amri ya kukiteka kituo sasa inapita ngazi zote inavyotakiwa. Meli zilizotumwa ni za jeshi halali, makapteni wake wanatii kama walivyofundishwa. Sheridan anawapiga.

"Jana alifunga watu kwa kuvunja ngazi," baba mdogo alisema. "Leo yeye mwenyewe ameiruka. Aliyeasi ni aliyeasi."

Nilijaribu kumtetea kapteni wangu. Nilisema askari wa Colito na Tabora walidai mshahara, na dai lao lilikuwa la haki, ila liliwahusu wao. Sheridan hakudai hata senti. Nilisema mabomu juu ya raia wa Mars yanabadilisha kila kitu, kwamba hakuna kiapo kinachomlazimisha askari kuua raia wa nchi yake. Baba mdogo alikubali hilo la mwisho mara moja. Hakubisha. Alichokataa ni urahisi wangu. Kwake, anayekataa amri ovu anaweka silaha chini na kusubiri mahakama. Anayeikataa na kuendelea kushika silaha amechagua jambo jingine, na asijidanganye kwamba bado yumo ndani ya kanuni.

Nadhani ana haki nusu, na tamthilia yenyewe inampa nusu hiyo. Kabla ya kituo kushambuliwa, Sheridan anampigia baba yake simu shambani, kwa sababu hajui kama atapata nafasi nyingine, na sura yake ni ya mtu anayejua anachokivunja. Baadaye yeye na wenzake wanavua sare za Jeshi la Dunia na kuvaa nyingine nyeusi. Hawakuendelea kutembea na nembo ya serikali wanayoipiga. Vita vinapokwisha, Clark akiwa amejiua, rais mpya Susanna Luchenko hampi nishani. Anamtaka ajiuzulu jeshini, walio chini yake wasamehewe. Anakubali. Hapo baba mdogo alitikisa kichwa taratibu, ile ya kukiri. "Huyo sasa amelipa," alisema.

Kuna jambo jingine ndani ya mapigano ya kituo ambalo kwetu haliwezi kupita hivi hivi. Baada ya Walinzi wa Usiku kufungiwa, wanaoshika ulinzi ni Wanarn, watu ambao sayari yao imetekwa na kupigwa mabomu, wakimbizi wasio na serikali. Wanakufa kwenye korido wakilinda kituo cha binadamu. Mkoa huu una Ulyankulu. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walifyeka pori pale, wakalima, wakazaa, na kuanzia 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakapewa uraia wa Tanzania. Nimefundisha watoto wao. Kila mara mtu akiniuliza kama hao wanaweza kuwa wazalendo kamili nawafikiria wale Wanarn, na nawafikiria wanafunzi wangu mchakamchaka asubuhi. Aliyezaliwa ndani ya bendera mara nyingi hakuwahi kuulizwa. Wao waliulizwa, wakajibu, wakasaini.

Turudi gatini.

Swali ambalo sikuwahi kujiuliza mpaka mzee aliponirudisha nyuma ni hili: Zack alikuwa na haki gani ya kuwadanganya wenzake? Angeweza kukivua kitambaa hadharani, kama Garibaldi alivyokataa hadharani. Garibaldi alilipa kwa kupoteza kazi siku ile ile, na dhamiri yake ikabaki nyeupe. Zack alichagua njia chafu zaidi, ya kubaki ndani na kusema uongo, na njia hiyo ndiyo iliyookoa kituo bila watu kuuana. Kama wote wangekuwa Garibaldi, Walinzi wa Usiku wangeshika silaha zote na hakuna mlango ambao ungefungwa. Mtu aliyejichafua kwa kredi 50 ndiye pekee aliyeaminiwa kiasi cha kuweza kuwanasa.

Naliona jambo hilo gumu kulimeza na bado naliona ni kweli. Sheridan kwenye ile skrini anazungumza kama hakimu. Zack hana skrini. Alipata kurudi kwa Garibaldi kwa kuwaacha wengine nyuma ya mlango uliofungwa, na baadhi yao huenda walikuwa siku moja tu nyuma yake, wameshaanza kujuta, hawajapata wa kumwambia. Msimu wa nne, Sheridan anapolikomboa koloni la Proxima 3, anawapa makapteni aliowashinda njia tatu: waje naye, wabaki kulilinda koloni, au warudi nyumbani. Wale wa gatini waliambiwa wamekamatwa.

Nilimsomea baba mdogo aya hii kabla ya kuiandika hapa. Alisikiliza amefumba macho, kadi bado iko mezani pale alipoiweka, hakuirudisha sandukuni. Usiku ulikuwa umeingia na umeme ulikuwa umekatika, kompyuta imebakiza chaji kidogo. Niliuliza kama tuimalizie sehemu inayofuata kesho.

"Hapana," alisema. "Kesho rudi kule anakoandikishwa. Nataka kumwona anavyozichukua zile hamsini."